Mashine ya Babu Abdunoor

Mwanaume mwenyewe hakuwa na ndevu hata moja. Ndiyo maana Zulaika alicheka pale sokoni Nakawa alipomwona, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, amechuchumaa kwenye rundo la vyuma chakavu, akipuliza vumbi kwenye mashine ya kunyolea ya wembe.

"Ssebo, bwana, hiyo utanyoa nini?"

"Sinyoi, nnyabo. Nakusanya. Hii ni ya Waingereza, iko mzee kuliko baba yangu."

Aliitwa Okidi, mtoto wa polisi. Kwake Kyebando alikuwa na droo nzima ya mashine hizo, zote zinang'aa. Haukupita muda, simu za jioni zikaanza, na Zulaika akawa hali bila kuisikia sauti ile.

Dada yake alipojifungua, Zulaika alimpa Okidi mashine ya kwao, ile aliyorudi nayo marehemu babu yake Abdunoor kutoka jeshi la Waingereza. Katika nyumba ile ya Wanubi, wazao wa askari wa kikoloni, mtoto akitimiza siku saba hunyolewa nywele kwa mashine hiyo tu.

"Legeza skrubu, mpenzi. Imekamatwa na kutu."

"Yako? Nitairudisha kama bibi harusi."

Aliirudisha kesho yake, amevaa suti ya buluu, uso umejaa tabasamu. Mashine ilimeremeta kama kijiko kipya. Zulaika aliupapasa mpini, akaupapasa tena.

"Alama ziko wapi?"

"Ile mikwaruzo? Nimesugua yote na msasa, nikapaka nikeli."

"Okidi, ile haikuwa mikwaruzo. Kila mtoto akinyolewa, babu alikata alama moja. Yangu ndiyo aliyoikata mwisho, akafa."

Zulaika alimwonyesha mlango.

Usiku Okidi alipiga simu. "Usikate, mpenzi."

"Babu yangu umemfuta na msasa. Unaniita mpenzi kwa mdomo gani?"

Akakata, akalia mpaka kanga ikalowa.

Siku ya kunyoa, mtoto alipokwisha kuwa kipara na ubani umejaa sebuleni, Okidi alisimama mlangoni bila kualikwa, tupa ya kukatia chuma mkononi. Mama yake Zulaika aliiona ile tupa, akamnyooshea mashine.

Okidi, ambaye hakuwahi kukwaruza mashine ya mtu, alikata alama ya mtoto kwenye ile nikeli mpya. Kisha akaisogeza tupa kando ya alama ile, kama anayetaka kukata nyingine.

"Hiyo ya nani?" Zulaika akauliza.

"Ya mtoto wetu, mimi na wewe."

Shangazi mmoja aliachia sinia. Zulaika alihisi masikio yanawaka; alimpokonya tupa, akajikatia alama yake mwenyewe, imepinda, haifanani kabisa na ya babu. Ile ya babu haingerudi, na hilo lilimuuma.

"Hata kuposa hujaposa," alisema, machozi na kicheko vikigombana. "Yangu ndiyo hii. Hapo pembeni acha nafasi."