Kisanduku Kitupu cha Ghorofa ya Saba

Saa nne kasoro dakika sita asubuhi, Kunguru aliruka kutoka kwenye Yamaha yake kabla haijasimama. Pikipiki ikaendelea peke yake, ikapinda kona, ikajiegesha ukutani. Ilikuwa na akili kuliko wengi anaowajua.

"Kunguru, uko wapi?" redio ilikoroma sikioni.

"Ngazini, Mkuu."

"Na lifti?"

"Imejaa wajinga."

Ghorofa ya saba palikuwa na idara ya masoko ya kampuni ya maduka ya dawa. Mashine yao ilimpendekezea kila mteja ofa: huyu punguzo, yule kuletewa dawa nyumbani. Wauza magendo walikuwa wamepenyeza aina ya tatu: sampuli ya bure ya vidonge vya presha.

Vidonge vyenyewe chokaa tupu. Chambo cha kuuzia shehena nzima.

Saa nne kamili ujumbe ungewaendea wagonjwa elfu arobaini, shangazi yake Kunguru akiwamo. Na shangazi yule, akiona cha bure, angetupa dawa zake halisi siku hiyohiyo.

Kunguru alipiga mlango teke. Walinzi wawili. Wa kwanza alilazwa kwa kiti. Wa pili alizirai kabla hajaguswa, kwa adabu zake.

Mbele ya kompyuta alikaa Meneja wa Masoko, mshirika wa wauza magendo: tai nyekundu, marashi ya kuulia mbu.

"Pole, dada," alicheka. "Kila mstari niliouandika nimeufunga kwa nywila ya herufi thelathini. Huwezi kufuta hata nukta."

Kunguru alichungulia skrini. Ujumbe, umefungwa. Orodha ya wagonjwa, imefungwa. Saa ya kutuma, imefungwa.

*Aina za ofa zinazoruhusiwa:* kisanduku kitupu.

"Na hapa?"

"Hapo sikuandika kitu. Pakiwa patupu, mashine inaruhusu aina zote. Wakaguzi wakipita hawaoni neno sampuli. Akili hiyo!"

"Umefunga ulichoandika. Usichoandika je?"

Kicheko kikamkauka Meneja mdomoni. Mkono ukakimbilia bastola ya Beretta mezani. Kunguru alimvuta kwa tai, akamfunga nayo kwenye mguu wa meza kama mbuzi.

"Dakika ngapi?" Mkuu aliuliza.

"Moja, Mkuu. Naweza kupiga chafya kwanza."

Aliandika: *punguzo tu*. Akahifadhi. Akaweka nywila yake mwenyewe, herufi nne. Kwa watu wa aina hii zilitosha.

Saa nne ikagonga. Sampuli hata moja haikutoka.

"Mwizi wa kuku ana heshima kuliko wewe," alimwambia Meneja. "Yeye hujua mlango upi uko wazi."

Alikuwa anashuka ngazi, askari wakipanda, simu ilipolia.

"Mwanangu, nimeletewa punguzo la dawa ya meno. Mimi na meno wapi na wapi?"

"Ulitaka nini, shangazi?"

"Cha bure!"

"Leo hakuna. Umemeza vidonge vyako?"

Shangazi akaanza kukohoa ghafla.

"Shangazi."

"Nameza, nameza! Unanifokea kama polisi!"

Kunguru alisikia glasi ya maji ikigonga meza, na mtu akimeza kwa hasira. Akavaa Ray-Ban, akatoka juani.