Magari Katika Shairi la Ulezi

Kila jioni akitoka shule, Cornelia humsaidia mama yake kupura ulezi nyuma ya nyumba yao, Malangali. Husimama wakitazamana, fimbo ya mmoja ikipanda, ya mwenzake ikishuka.

Jioni hiyo alikuwa na habari njema. Mwalimu Redempta alilichagua shairi lake lisomwe siku ya wazazi.

"Hebu nisikie," mama alisema, huku akipura.

Cornelia alighani:

"Mama yangu ni hodari, ulezi apura vema,
Tunapura kwa magari, na mashine zinavuma."

Fimbo ya mama ilisimama. "Magari ya nani, mwanangu?"

"Ya vina tu, mama. Nilitaka neno la kuishia na -ri."

"Haya. Majirani watakuja kuyaazima."

Mama alicheka, lakini Cornelia aliitazama mikono ya mama yenye malengelenge.

Asubuhi alimweleza Isdori, mwanafunzi mwenzake, kwamba anataka kuubadili mstari ule.

"Wewe nawe," Isdori alisema. "Mizani nane huku, nane kule. Ukiligusa litaharibika, nami shairi langu liko tayari."

Hata hivyo, Cornelia alikwenda ofisini. "Shikamoo, mwalimu. Mstari wangu wa pili si wa kweli."

Mwalimu Redempta aliusoma tena, akihesabu silabi kwa vidole. "Vina vipo, mizani imetimia. Nami niliishia hapo. Urekebishe, uniletee kesho. Ukishindwa, atasoma Isdori."

Jioni maneno yalimjia na kumtoroka. "Twapura kwa fimbo" ilikuwa kweli, lakini ilipungua mizani na haikuwa na kina. Akaendelea kupura, akijaribu kila neno kwa pigo la fimbo, mpaka mstari ukakaa:

"Fimbo zetu ni tayari, twapiga huku twahema."

Siku ya wazazi alisoma kwa sauti tulivu. Kila ubeti uliishia kwa kibwagizo kilekile: "Ulezi una heshima, jasho letu liko humu." Kufikia ubeti wa tatu, wazazi walikuwa wakikiitikia, mama yake miongoni mwao.

"Kumbe mstari ulifaa kuguswa," Isdori alimnong'oneza.

Mwalimu Redempta aliwageukia wote wawili. "Kina kikikataa kukaa, tafuteni neno lingine, hata mkikesha," alisema. "Ukweli msiutafutie mwingine."