Honi Nyuma ya Nyumba, Miburani

Kisiwa cha Mafia hakina reli hata ya kuchezea watoto. Wilbrod alilijua hilo, lakini aliposikia honi ya treni ya mizigo nyuma ya nyumba yake ya kupanga Miburani, jua la utosi, hakuogopa. Alifurahi, maskini.

Alikuwa tabibu aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, na kule jioni zake ziliishia kando ya reli ya Pugu. Treni za abiria zilipita zimefurika watu, wala hakuzitazama. Yeye alivizia mabehewa ya mizigo na kiberenge cha mafundi wa reli. Vikitokea, yeye hupiga mluzi mara mbili, na dereva humjibu kwa honi. Mluzi wake huo aliurekodi, akaufanya mlio wa simu. Mkewe, Mwalimu Jovina, alimcheka kila ilipoita.

Basi na siku ile akapiga mluzi mara mbili, kwa mazoea. Honi ikajibu, karibu zaidi.

"Umeitikia?" Bi Mwanahalima, mwenye nyumba, alinong'ona. "Ole wako, mwanangu! Ukiitwa na usiyemwona, huitiki!"

Kesho yake mbuzi wa mwenye nyumba huyo alikutwa uani amekatika vipande viwili, na mchangani mistari miwili imenyooka kuelekea mlango wa Wilbrod. Tangu hapo kila adhuhuri nyumba ilinuka dizeli na chuma cha moto, vyombo vikapasuka, na Wilbrod akaburutwa sakafuni mpaka magoti yakachunika, huku midomo ikimwasha kupiga mluzi.

Bi Mwanahalima akamleta mganga, Mzee Mansuri. Alifukiza ubani, akamfunga Wilbrod kitambaa mdomoni.

"Litaita tena," alisema kwa sauti ya chini. "Lisipojibiwa, linakwenda zake. Likijibiwa, linaingia."

Honi ikalia. Madirisha yakavunjika, bati likang'oka, ukuta ukapasuka kutoka juu mpaka chini, na Wilbrod akauma kitambaa mpaka damu ikamchuruzika kidevuni, lakini hakutoa sauti, hata ngurumo ya treni ikaanza kufifia kuelekea minazini.

"Alhamdulillahi," Mzee Mansuri akasema. "Umeshinda."

Kule shuleni alikofundisha, Jovina alishindwa kuvumilia wasiwasi, akampigia mumewe amjulie hali.

Simu ikaita kitandani. Mluzi, mara mbili.

Ngurumo ikageuka. Mzee Mansuri aliirukia simu aizime, lakini ukuta ulimwahi.

Jovina alisikia imepokelewa.

"Baba Goodness, unaendeleaje?"

Akajibiwa kwa honi.