Uwanja wa Ndege Ulio Nyuma ya Nyumba

Mayai yalianza kupasuka Mama Vifaranga akiwa hajanawa uso. Aliinama kwenye mashine ya kutotolea, akatega sikio.

"Wameanza kutoka," alimwambia mumewe.

"Wamshukuru mama yao wa umeme," alijibu mume, mkono wake ukiendelea kushona soli. Alikuwa fundi viatu, na chumba cha mbele kilikuwa chake. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mayai. Wao wawili walilala palipobaki.

Mke hakucheka. Mteja mpya, anayeishi ng'ambo ya milima, alikuwa ameagiza vifaranga wote. Barabara ya huko ilikuwa imekatwa na mafuriko, kwa hiyo wangekwenda kwa ndege ndogo ya mizigo. Kifaranga hutoka kwenye yai na akiba ya kiini tumboni, nayo humtosha kwa siku mbili hivi. Akicheleweshwa zaidi ya hapo bila chakula wala maji, hudhoofika na kufa. Na mteja anayepokea maboksi ya vifaranga wafu haagizi tena.

Kabla ya adhuhuri rubani alipiga simu. "Mama, kesho nichukulie wapi mzigo?"

"Hapa hapa nyuma ya nyumba yetu. Kuna uwanja wa ndege."

"Ule wa shamba la miwa?"

"Huo huo. Maboksi tutayaleta kwa miguu."

"Mwenye uwanja amekupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini, baba? Ndege zinatua pale kila wiki."

"Hizo ni zake, au za watu aliowakubalia. Ule ni uwanja binafsi. Mimi sitatua pale bila ruhusa. Ipate leo, au tukutane uwanja wa umma, kule mjini."

Mama Vifaranga aliweka simu mezani, akaketi. Mjini ni mbali, na gari hakuwa ameagiza.

"Uwanja si uwanja tu?" alimuuliza mumewe. "Kama barabara. Mwenye chombo anapita."

"Mimi najua viatu," alisema mume. "Ngoja nimwite Mikono."

Mikono alikuwa jirani yao. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye uwanja wa mjini, akisimama mbele ya ndege na kuzielekeza pa kuegesha kwa ishara za mikono. Sasa amestaafu, lakini hata akikusalimia utadhani anakuegesha.

"Shemeji," alisema akiingia, "nasikia umeita ndege ije mpaka mlangoni. Siku hizi sisi wengine hatukufikii."

"Acha utani, shemeji. Vifaranga wangu watakufa."

Mikono akaketi. "Haya, nikuulize. Choo chenu kina bati na mlango. Mpita njia akikiona, aingie tu?"

"Aombe kwanza," alidakia mume.

"Basi. Uwanja binafsi ni hivyo hivyo. Mwenyewe ameujenga kwa shughuli zake, na ndege ya mtu mwingine hutua kwa ruhusa yake. Uwanja wa umma uko wazi kwa kila rubani anayefuata taratibu na kulipa ada. Abiria ni yeyote mwenye tiketi."

"Kwa hiyo wa umma ni wa serikali, na binafsi ni wa tajiri," alisema Mama Vifaranga.

"Mara nyingi, ila si lazima. Uwanja wa jeshi ni mali ya serikali, lakini rubani wako hawezi kutua pale apendavyo. Na ziko kampuni zenye viwanja vyao ambazo zimevifungua kwa watu wote. Kwa hiyo usiishie kuuliza uwanja ni wa nani. Uliza uko wazi kwa nani."

"Na ndege ikipata hitilafu angani?" aliuliza mume.

"Hapo rubani atatua popote atakapookoa watu. Maelezo atayatoa baadaye. Lakini vifaranga wa shemeji si hitilafu. Hebu mpigieni msimamizi wa shamba."

Msimamizi alikuwa mtu mpole. "Ningekukubalia, mama," alisema, "lakini kesho trekta litashinda kwenye njia ya kurukia, likiisawazisha. Hata ndege yetu wenyewe haitatua."

Mama Vifaranga akawaeleza wenzake.

"Rubani angelikuta trekta katikati ya njia," alisema mume taratibu.

"Ndiyo sababu mwenye uwanja huulizwa," alisema Mikono. "Hali ya uwanja wake anaijua yeye."

Mama Vifaranga akamjulisha rubani, akatafuta pikapu. Alfajiri walikuwa njiani, maboksi yenye matundu yamefunikwa shuka jepesi. Kwenye uwanja wa mjini kulikuwa na foleni ya abiria na ndege za kampuni mbalimbali. Mfanyakazi wa mizigo alikagua maboksi, akaangalia cheti cha daktari wa mifugo, akapima uzito. Hakuna aliyemuuliza Mama Vifaranga anamjua nani.

Mchana mteja alipiga simu. "Wamefika. Wanakunywa maji, na kwa kelele zao sisikii hata unachosema. Mwezi ujao niletee wengine."

Wiki hiyo hiyo Mama Vifaranga alikwenda kuonana na msimamizi wa shamba. Walikubaliana: amwambie mapema siku na ndege itakayokuja, naye atajibu kama njia iko tayari. Mwezi uliofuata aliuliza, akajibiwa ndiyo, akampa rubani namba ya msimamizi ili wahakikishe wenyewe.

Siku ya ndege, mlinzi alifungua geti, akafukuza mbuzi waliokuwa wakila nyasi pembeni. Ndege ikatua. Mama Vifaranga na mumewe wakavuka kwa miguu, kila mmoja na boksi kichwani, vifaranga wakilia humo ndani.

"Polepole," alisema mke. "Hao ni abiria."