Aliyeagwa kwa Maombi

"Huko kumeamka aje, mpenzi?"

"Salama tu. Ni baridi," Mbeke alijibu, akijifuta jasho shingoni.

"Na hiyo kengele nasikia?"

Mbuzi wa jirani walikuwa wakipita nje. Mbeke akafunga dirisha upesi.

"Ya kanisa, Nashon. Hapa Ireland makanisa ni mengi."

"Bwana asifiwe! Usikose ibada."

Simu ilipokatika, alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuwa Ireland. Alikuwa Kajiado, kwenye chumba cha kupanga, si mbali na Kitengela alikomwacha mchumba wake. Kanisa lilimfanyia maombi ya kumuaga kabla matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa kupata kazi Ireland hayajatoka, maana nani angedhani nesi mzima atashindwa kuongea Kiingereza? Wazee walimwekea mikono. Akina mama walimvisha leso. Kisha matokeo yakaja: kusoma, kuandika na kusikiliza alipita, kuongea akaanguka. Angerudi na uso gani? Akamkataza Nashon kumsindikiza, eti atalia, akapanda gari na kushukia Kajiado.

"Ee Baba," aliomba, "mlango huu nilijifungia mwenyewe. Sioni pa kutokea."

Jioni alikwenda darasani kwa Mwalimu Cindy, ajiandae kurudia mtihani. Cindy alikuwa na njia yake: aliwapigia simu wanafunzi wake wa Kitengela, akaweka spika, wahojiane bila majina. Mtahini, alisema, huwa mtu usiyemjua.

"Leo wewe ndiye examiner," akampa Mbeke karatasi ya maswali. "Na Kiswahili uache mlangoni."

Mbeke alikaza sauti, akamtaka mtu wa kwenye simu aeleze ni nani angependa kuishi karibu naye.

Mtu yule akakohoa. Alipoanza kuongea, Mbeke aliijua sauti ile. Nashon!

Kiingereza chake kilisuasua, lakini hakikusimama. Alisema ni mchumba wake, ameenda mbali kufanya kazi. Yeye huchomelea mageti, shule aliiachia njiani, na sasa anasoma jioni kwa siri ili siku moja apite mtihani huu amfuate.

"Aki huyo anapenda!" msichana mmoja akanong'ona.

"Kimya! Examiner, next question."

Darasa zima lilimtazama Mbeke. Akaiweka karatasi mezani.

"Does she know?" akauliza, kama huyo mchumba anajua. Swali hilo halikuwa kwenye karatasi, na sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Mtu wa kwenye simu akashtuka:

"Mbeke?"

"Hakuna majina!" Cindy akafoka.

"Mbeke, ni wewe? Uko wapi?"

"Kajiado."

"Kajiado gani?"

"Hii yetu, Nashon. Sikuenda popote."

Simu ikakatika. Ujumbe ukaingia: "Nimefunga na kuomba kwa ajili ya mtu aliye hapo tu. Usinipigie."

Akaandika: "Nilianguka speaking. Niliona haya kurudi. Nisamehe."

Siku zilipita akingoja jibu ndani, akiomba bila maneno. Jumamosi ukaingia ujumbe wa Nashon: "Kesho nitakaa mahali petu kanisani. Siji kukuchukua. Ukitaka kutoka huko, toka mwenyewe."

Alipoingia kanisani, mchungaji alikuwa katikati ya maombi.

"Na binti yetu Mbeke huko ng'ambo, Bwana, umrudishe salama..." Akafumbua macho. "Eh! Umejibu haraka hivi?"

Watu wakacheka. Mbeke akaomba kipaza sauti.

"Sikuenda. Nilianguka mtihani, nikajificha Kajiado. Niliwadanganya wote, na Nashon kuliko wote."

Kicheko kikafa. Mama Khisa, aliyemvisha leso, akasimama kando ya Nashon.

"Kuanguka mtihani tungekupikia chai tu, mwanangu. Uongo ndio umetuuma."

"Nisameheni, mama."

Nashon alikuwa ameinamisha kichwa. Mbeke akarudisha kipaza sauti, akageukia mlango.

"Mama Khisa, sogea kidogo," Nashon akasema, bila kuinua macho. "Mchumba wangu akae."

Mbeke akaketi, machozi yakimtiririka. Wimbo ukaanza.

"Bado nimekasirika," Nashon alinong'ona, akimsogezea nusu ya kitabu cha nyimbo.

"Najua."

"Basi imba."