Uzio Uliomla Ng'ombe

Protase wa Kimwani, wilaya ya Muleba, alikuwa mtu wa asubuhi. Kabla jua halijapanda, alishaingia kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Alipita mgomba kwa mgomba. Alibandua majani makavu, akagusa mikungu, akaongea peke yake.

"Unaiamkia migomba kabla ya kuniamkia mimi," mkewe Alistidia alimtania.

Kibanja kile aliachiwa na baba yake, mzee Byarugaba. Mzee alizikwa humo humo, katikati ya migomba aliyoipanda. Kibanja cha namna hiyo si mali ya kuuza. Protase alisema mara nyingi, "Kikifa mikononi mwangu, nitamwambia nini baba?"

Enzi za mzee Byarugaba, maisha yalikuwa na utamu wake. Ng'ambo ya mpaka aliishi rafiki yake, mzee Onesphory. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na njia nyembamba, ngumu kama sakafu kwa kukanyagwa. Akina Byarugaba walikuwa na ng'ombe, basi samadi ilipita njia hiyo kwenda kwa jirani. Akina Onesphory walikuwa na rweya, ile mbuga ya nyasi nje ya vibanja. Nyasi za kutandaza chini ya migomba zilipita njia hiyo hiyo kurudi. Ndizi za pombe zilipoiva, wazee wawili walizikanyaga pamoja ndani ya mtumbwi wa mti, wakiimba. Protase na Rwegasira, mtoto wa Onesphory, walichovya vidole kwenye maji ya ndizi na kulamba mpaka wakafukuzwa. Siku hizo! Ukiwasimulia vijana wa leo wanadhani unatia chumvi.

Wazee wote wawili walifariki. Vibanja vikabaki kwa Protase na Rwegasira. Miezi ikapita, kila mtu na shughuli zake.

Asubuhi moja Protase alikuta mramura mmoja umeng'olewa. Miramura ni miti inayopandwa kuonyesha mpaka, na kwa Wahaya kuing'oa si mchezo. Protase alirudi nyumbani mbio.

"Ameanza," alimwambia Alistidia. "Rwegasira anasogeza mpaka. Anadhani nyumba hii haina mwanamume."

"Umemuuliza?"

"Mwizi anaulizwa?"

"Labda ni mbuzi. Labda ni mvua. Nenda ukamuulize, waitu, nakusihi."

Protase hakwenda. Alinunua seng'enge akazungusha upande ule wote, na njia ya wazee ikafungwa. Wiki chache baadaye akaona seng'enge haitoshi, akataka mabati. Ili kuyapata, alimuuza Bihogo, ng'ombe wao mwekundu. Alistidia alilia siku Bihogo alipoondoka.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema huku akifuta macho. "Wewe umeanza na ukuta, na ufa umeuacha palepale."

"Dawa ya moto ni moto," Protase alijibu.

Kisha akamwajiri mlinzi, kijana mwenye kifua kipana aliyeitwa Zahoro. Zahoro alikuwa na rungu, na baadaye akapewa upinde. Alikuwa mlaji hodari. Kila sahani ya ndizi iliyokwenda kwa Zahoro, Alistidia aliisindikiza kwa macho.

Siku moja Protase na Zahoro walimwona Rwegasira akitembea kando ya mpaka, upande wake. Mkononi alishika mti mrefu wenye panda nchani. Aliinua uso akaitazama migomba ya Protase. Halafu aliingiza ile panda juu ya mgomba wake mwenyewe, akaisokota, kitu kikaanguka.

"Umeona?" Protase alinong'ona. "Anafanya nini?"

"Hiyo ni silaha, bosi," alisema Zahoro. "Ukichomwa nayo jicho, kwaheri."

"Au anapima migomba yangu."

Protase akaongeza ulinzi. Alimwamuru Zahoro apite na panga akate majani ya migomba yote iliyo karibu na uzio, ili mtu akija aonekane. Zahoro alikata kutwa nzima, mgomba huu, mgomba ule, panga ni lile lile. Rwegasira alipoona mtu mwenye panga anazunguka mpakani kwake, naye akaogopa. Akaleta mbwa wawili wakali na mlinzi wake. Basi Kimwani ikapata majeshi mawili. Watu walikuja Jumapili baada ya misa kuyatazama na kucheka.

Siku moja Rwegasira alifika getini kwa Protase. Zahoro akamtimua kabla hajafungua kinywa. Jioni Protase alimsifu Zahoro na kumwongezea ndizi.

Ndipo Protase alipoona majani yakinyauka.

Kwanza ilikuwa migomba michache kando ya uzio. Majani yaligeuka manjano na kulegea. Ndizi ziliiva kabla ya wakati wake. Protase alikata moja, akakuta ndani pameoza, rangi ya kahawia. Alipokata shina, ukatoka ute wa manjano kama usaha. Kila asubuhi alikuta mgomba mwingine umeinama. Ugonjwa ulikuwa ukielekea kaburini kwa baba yake. Protase aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Ni Rwegasira," alisema. "Ametia sumu. Nakwenda Bukoba kununua seng'enge nyingine. Na nitamwona Baba mdogo. Yeye ni mwanajeshi, atanieleza namna ya kumshinda huyu."

Baba yake mdogo, Lwakatare, aliishi Kahororo, mjini Bukoba. Alikuwa amepigana Vita vya Kagera akiwa kijana mbichi. Protase alimkuta sebuleni na beseni la senene, wale panzi wa kuliwa, mapajani, akiwanyonyoa mabawa na miguu. Ulikuwa msimu wake.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Kaa. Nawa mikono, usaidie."

Protase alinyonyoa senene huku akisimulia yote: mramura, uzio, mlinzi, mti wenye panda, migomba inayokufa. Mwisho akasema, "Wewe ulipigana, mkashinda. Nifundishe."

Lwakatare alicheka kidogo, bila furaha.

"Nikufundishe. Haya. Jeshi ni lazima, mwanangu. Nchi isiyo na jeshi ni nyumba isiyo na mlango. Mwaka sabini na nane tulivamiwa. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Akina mama walikimbia na watoto mgongoni. Siku ile maneno yalikuwa yamekwisha. Tulipigana, na sijutii."

"Basi! Si ndivyo ninavyosema?"

"Tulia, sijamaliza. Tulishinda. Tuliingia Kampala tukiimba. Nikarudi nyumbani shujaa. Unajua mama yako alikuwa anafulia nini?"

"Sabuni?"

"Majani ya mpapai. Sabuni haikuwepo. Sukari haikuwepo. Shati langu la harusi niliazima. Mafuta yaliyofaa kusafirisha pamba na dawa, tuliyachoma kwenye vifaru. Vijana wenzangu waliofaa kulima, wengine hawakurudi. Nakumbuka majina yao yote, na nikiwataja leo hakuna anayewajua." Mzee alitazama beseni. "Na ile ilikuwa vita ya haki, Protase. Tena ya kujitetea. Sasa fikiria nchi inayotaka kuwazidi wote kwa silaha mwaka hadi mwaka, hata pasipo aliyeivamia. Itakula nini?"

Protase alimkumbuka Bihogo.

"Kuna jambo jingine," Lwakatare aliendelea. "Nchi ikinunua kifaru, jirani anakiona. Hajui kama ni cha kujilinda au cha kumpiga. Anaogopa, naye ananunua. Wewe unaona chake, unaongeza. Mwisho wote wawili mna vifaru, shule hazina madawati, na usingizi hamna."

"Kwa hiyo mtu akae tu, achukuliwe mali yake?"

"Nani kasema ukae? Kuzungumza ni kazi, tena ngumu. Wakubwa wanaiita diplomasia. Ni kuzungumza na jirani kabla hujamchukia, na kuendelea kuzungumza hata ukishamchukia." Akanyanyua senene mmoja. "Unajua tunawavutaje hawa? Kwa taa kali. Na umeme wa hapa Bukoba, kwa miaka mingi, ulitoka wapi?"

"Uganda."

"Uganda! Tulikopigana. Yule Amin aliondoka, nchi mbili zikakaa mezani. Walizungumza habari za mpaka, biashara, ziwa. Maneno makali yalikuwepo, lakini walikaa. Leo malori yanapita mpakani Mutukula mchana kutwa, na mimi sijashika bunduki tangu wakati ule. Mlango tunao, lakini hatulali tumeuegemea."

Protase alichukua senene mwingine. Kisha Lwakatare akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Na Rwegasira anasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mramura. Kuhusu ule mti wenye panda."

Protase aliinamia beseni. "Sijamuuliza," alisema.

"Sijakusikia."

"Sijamuuliza, Baba mdogo."

Mzee aliweka beseni chini. "Wewe unadhani baba yako na Onesphory hawakugombana? Waligombana kila masika! Mpaka, kuku, maji ya mvua, kila kitu. Siku moja baba yako alitaka kumpiga jembe. Lakini jua likianza kushuka, mmoja wao lazima apite ile njia. Wewe ulikuwa mtoto, ukaona wanakunywa na kuimba. Hukuona walivyokuwa wakimeza hasira."

Machozi yalimlenga Protase. Miaka yote alidhani amani ya wazee ilikuwa kama mvua, inakuja yenyewe. Alirudi Muleba kwa basi la mchana. Seng'enge hakununua.

Alipofika alimwambia Zahoro, "Nakwenda kwa Rwegasira. Usinifuate."

"Bila silaha, bosi?"

"Bila."

Mbwa walibweka. Mlinzi wa Rwegasira akasimama. Protase alisimama getini mikono wazi, akaita, "Rwegasira! Ni mimi, mwana wa Byarugaba. Nimekuja kuuliza."

Rwegasira alitoka. Alikuwa amekonda. Aliwanyamazisha mbwa.

"Uliza," alisema.

"Ule mti wenye panda. Ulikuwa unafanya nini?"

Rwegasira alipigwa na butwaa, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Nilikuwa natoa maua dume! Hukuja mkutanoni bwana shamba alipotufundisha? Ni kuzuia mnyauko, ule ugonjwa wanaouita unyanjano. Wadudu wanautoa kwenye ua dume la mgomba mgonjwa na kuupeleka kwa mzima. Mkungu ukishamaliza kutoa vichane, unaliondoa ua kwa panda, halikatwi kwa panga. Panga likigusa mgonjwa, linabeba ugonjwa hadi kwa mzima."

"Panga?" Protase aliuliza polepole.

"Panga. Ni lazima ulipitishe kwenye moto kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Niliona mgomba wako mmoja umeanza kunyauka. Nikaja getini nikwambie. Mtu wako akanitimua."

Protase aliketi chini palepale. Alimwona Zahoro akilini mwake, akikata majani kutwa nzima kando ya uzio. Yeye mwenyewe, Protase, alikuwa ameusambaza ugonjwa kwa mkono wa mlinzi, tena akiulipia.

"Na mramura?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi nilidhani umeung'oa wewe."

Hadi leo hakuna anayejua nani aliung'oa. Alistidia bado anawashuku mbuzi.

Kesho yake walianza kazi. Rwegasira alikuja na panda yake, Protase akawasha moto wa kuunguza mapanga. Migomba iliyougua waliing'oa na visiki vyake, wakaifukia. Protase alilia akiing'oa ile ya karibu na kaburi, na Rwegasira alimwacha alie. Waliondoa maua dume vibanja vyote viwili, maana kusafisha upande mmoja tu ni kazi bure. Walinzi wote wawili walishika majembe. Zahoro alikuwa mchimbaji hodari kama alivyokuwa mlaji. Kazi ilipokwisha, kila mmoja akapewa ujira wake na kuagwa vizuri.

Karibu nusu ya kibanja iliondoka. Nusu ilipona. Seng'enge na mabati viliondolewa, njia ya wazee ikafunguka, Alistidia akaezekewa jiko. Geti lilibaki, na usiku Protase hulifunga, kwa sababu wezi wapo. Mchana liko wazi. Nyasi zilianza tena kuja kutoka rweya, na pale palipokuwa patupu vikapandwa vichipukizi vizima. Misimu miwili ya mvua baadaye, mikungu ilining'inia.

Ndipo mbuzi mpya wa Alistidia alipokata kamba. Aliingia kwa Rwegasira, akala maharage machanga, mstari baada ya mstari, mpaka akashiba. Protase alimkuta katikati ya uharibifu, anatafuna kwa raha zake. Rwegasira hakuwepo, alikuwa Muleba mjini.

"Mrudishe haraka," alisema jirani mmoja aliyepita. "Hakuna aliyeona."

Protase alimfunga mbuzi nyumbani. Mchana wote hakula vizuri. Aliyafikiria yale maharage, na maneno ambayo Rwegasira angeweza kusema, na majibu ambayo yeye angeweza kumrudishia. Hasira ilianza kumpanda kwa matusi ambayo hakuna mtu aliyemtukana.

Jua lilipoanza kushuka, alinyanyuka.

"Unakwenda wapi?" Alistidia aliuliza.

"Kuzungumza."

Hakufika mbali. Katikati ya njia alikutana na Rwegasira anakuja upande wake, uso umekunjamana, mche wa mharage uliotafunwa mkononi.

"Nilikuwa nakuja kwako," alisema Rwegasira.

"Na mimi kwako," alisema Protase. "Mbuzi ni wangu."

Rwegasira alishusha pumzi. Walikaa palepale kwenye nyasi, wakaanza kuzungumza.