Jiwe Jeusi la Maman Nabintu

Mukarugwiza alipenda kuvuna maharage asubuhi, kabla jua la Nyakabuye halijawa kali. Mumewe, Harerimana, alikuwa kando yake akiimba wimbo wa marehemu mama yake, Nabintu. Mukarugwiza alimtania kwamba tangu walipotoka Bukavu bado anaimba ubeti wa kwanza tu.

Alipoingiza mkono kwenye majani, nyoka mnene, kifutu, akamuuma kidole.

Harerimana alimkalisha chini, akakimbilia ndani. Alirudi na wembe na jiwe jeusi, dogo kama kipande cha sabuni. Kwa kweli ni mfupa wa mnyama uliochomwa, ila huitwa jiwe. Watu wengi wa huku wanaamini kwamba hunyonya sumu. Harerimana alipokuwa mtoto kule Bukavu, nyoka alimuuma mguu. Nabintu aliliweka jiwe hilo kwenye jeraha, akamwimbia mpaka lilipoanguka lenyewe. Akapona.

Jirani yao Védastine, muuguzi wa kituo cha afya, alisikia kelele, akafika kabla wembe haujagusa ngozi.

"Papa Harerimana, weka huo wembe chini," alisema. "Ukikata, utaongeza kidonda bure."

"Mimi hii jiwe iliniponyesha."

"Nyoka ingine haina sumu. Ingine inauma bila kutoa sumu. Pengine yako ilikuwa ya vile. Sasa angalia kidole ya bibi yako."

Kidole kilikuwa kinavimba. Védastine aliita ambulansi kwa simu, kisha akaomba maji na sabuni ili aitoe pete ya ndoa. Mukarugwiza alikunja mkono. Hakuwahi kuivua tangu siku ya kanisani.

"Utaivaa tena, Maman. Kidole ikivimba sana, pete itafunga damu."

Pete ikatoka. Védastine aliufunga mkono kwenye ubao, bila kukaza, ili usitikisike. Harerimana aliuliza kwa nini uvimbe unapanda na nyoka amekwisha kwenda.

Védastine alieleza polepole. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina ukuta mwembamba wa mafuta. Ndani ya sumu ya kifutu kuna kimeng'enya, kitu kinachoyakata mafuta hayo. Seli huvigeuza vipande vilivyokatwa kuwa ujumbe. Seli jirani hupokea ujumbe huo, nazo huleta maumivu na uvimbe.

"Jiwe inakunywa damu ya juu tu," alisema. "Sumu imekwisha kuingia ndani. Dawa yake iko hospitali, inapita kwenye mshipa."

Harerimana alilitazama jiwe mkononi mwake. Macho yake yalilowa.

"Basi Maman alinidanganya?"

"Hapana. Alikukalisha na akakutuliza, na hiyo ni kazi kubwa. Bibi yako asitembee, asihangaike. Umwimbie."

Akaimba ubeti ule ule, tena na tena, mpaka ambulansi ilipofika.

Hospitalini Mukarugwiza alipewa dawa ya kuzuia sumu, na mkono wake ukapona. Leo anapukuchua maharage mlangoni, pete kidoleni. Jiwe liko kabatini, mbele ya picha ya Nabintu. Jirani akija kuliazima, Harerimana humwonyesha namna ya kuvua pete na kutuliza mkono, kisha humwitia ambulansi kwa simu.

Jioni hurudi kwenye wimbo wake.

"Na ubeti wa pili?" Mukarugwiza humuuliza.

"Ule Maman alikwenda nao."

Kisha huanza tena ule wa kwanza, na mkewe humfuatisha.